Msemaji wa Mtoto Mbele ya Hakimu

Msomaji, kama umepata kuketi mahakamani hata siku moja, umeona kwamba kila aliyemo ana mahali pake. Hakimu yuko juu, karani yuko chini yake, mdai upande huu, mdaiwa upande ule, na mawakili wako katikati na makaratasi yao. Kila mmoja anajua atasema lini, na anajua anamsemea nani. Sasa fikiri kwamba shauri lililoletwa si la ng'ombe wala la deni, bali ni la mtoto wa miaka 8 aliyefiwa na wazazi wake wawili. Linaloulizwa ni hili: alale wapi, alelewe na nani, asome wapi, na nyuma ya maswali hayo kuna jingine lisilotajwa, nalo ni shamba la marehemu baba yake litashikwa na nani. Ami yake atasema. Nyanya yake atasema, ikiwa amepata nauli ya kufika. Afisa wa Watoto atasoma taarifa yake. Mtoto mwenyewe ameketi kwenye benchi, miguu yake haifiki sakafuni. Je, yeye atasemewa na nani?

Swali hilo ndilo habari ya insha hii. Ni swali dogo kulitamka, lakini wanadamu wamechukua muda mrefu kulijibu, na mahali pengi jibu lake halijakamilika hata leo. Nitakuonyesha jinsi lilivyojibiwa katika kaunti mbili za kusini-magharibi mwa Kenya, yaani Homa Bay na Migori. Homa Bay imelala kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Migori inatelemka kusini mpaka Isebania, kwenye mpaka wa Tanzania. Wenyeji wengi wa huko ni Waluo. Wasuba wako ziwani, na Wakuria wako upande wa mpaka. Wanavua omena na mbuta, wanalima mahindi na miwa, na huko Nyatike wanachimba dhahabu. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu msiba uliowapata watoto wake katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na msiba mkubwa hufunua udhaifu wa sheria na wa desturi pia.

Zamani za mababu, mtoto wa Kiluo hakuwa na haja ya wakili. Alizaliwa ndani ya dala, yaani boma la baba, na boma lilikuwa ndani ya ukoo. Karibu na zizi la ng'ombe kilikuwapo kibanda kiitwacho duol. Humo wanaume walikutana jioni wakiota moto, na humo mambo ya nyumba yalizungumzwa na kukatwa. Mume alipokufa, ndugu yake alimchukua mjane chini ya ulinzi wake, na watoto walibaki kuitwa kwa jina la marehemu, tena walirithi kwa jina hilo hilo. Kifo kilimwondoa baba lakini hakikuondoa ubaba, kwa maana walikuwapo wanaume wengine wa kuushika. Desturi hiyo yastahili heshima. Ilihakikisha kwamba hapakuwa na mtoto asiye na mlango wa kuingia jua likichwa.

Walakini, kila desturi ina kivuli chake. Katika duol, mtoto hakusema. Waliosema juu ya mali ya marehemu ni wale wale ambao mali hiyo ingeweza kuangukia mikononi mwao. Mwenye moyo safi alitunza amana, na wenye moyo safi walikuwa wengi. Lakini mtoto aliyeangukiwa na ami mwenye tamaa hakuwa na pa kukimbilia, isipokuwa kwa wazee ambao walikuwa ndugu wa ami huyo. Waswahili husema kwamba kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere, hukumu hujulikana mapema. Desturi ilitegemea mambo mawili: wingi wa watu wazima walio hai, na haya ya mtu mbele ya wenzake. Yote mawili yalipokuwapo, ilifanya kazi vizuri.

Serikali ya kikoloni ilipokuja mwanzoni mwa karne ya 20, nchi hiyo iliingizwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini, ikitawaliwa kutoka Kisii. Mambo ya ndoa, urithi na malezi kwa kawaida yaliachiwa wazee na mabaraza yao. Mtoto aliyejulikana sana na sheria ya serikali ni yule aliyekosa: mwizi, mzururaji, mtoro. Mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari, ilianzishwa Jumuiya ya Ustawi wa Watoto ya Kenya, kwa kuwa vita viliwatawanya wazazi na kuwaacha watoto wengi bila mlinzi. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, ilitungwa Sheria ya Watoto na Vijana. Sheria hiyo ilikuwa hatua mbele, lakini tazama jinsi ilivyomwita mtoto aliyefaa kuletwa mbele ya mahakama kwa ajili ya msaada: ilimwita mtoto anayehitaji ulinzi au nidhamu. Maneno hayo mawili yaliwekwa katika mlango mmoja. Yatima aliyeonewa na mtukutu aliyetoroka nyumbani walipita njia moja, wakatazamwa kwa jicho moja. Mtoto aliyeingia hapo alihesabiwa kuwa jambo la kuamuliwa, wala hakuhesabiwa kuwa mtu wa kusikizwa.

Hali ilikuwa hivyo ulipofika ukimwi. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza aliandikwa mwaka 1984, na tarehe 25 Novemba 1999 serikali ilitangaza kwamba maradhi hayo ni janga la taifa. Kati ya miaka hiyo 15 nchi za kando ya ziwa ziliumia kuliko nyingine zote. Hata mwaka 2018, baada ya dawa kupatikana na vifo kupungua sana, uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay karibu 20 walikuwa na virusi, na Migori 13, hali kwa Kenya nzima hawakufika 5. Hesabu hizo zinakuonyesha jinsi miaka ya 1990 ilivyokuwa, wakati dawa hazijafika.

Msomaji, fahamu vizuri lililovunjika hapo. Maradhi haya hayakuwachagua wazee wala watoto; yaliwachukua zaidi watu wa makamo, ndio nguzo za boma. Baba alikufa, na ami aliyepaswa kushika nafasi yake akafa pia, na shangazi akafuata. Waliobaki ni nyanya wenye miaka 70 na wajukuu wanaoshikana mikono. Tena ile desturi ya kumchukua mjane, iliyokuwa kinga, iligeuka kuwa njia ya kuenezea ugonjwa, na wajane wengi walioikataa walifukuzwa pamoja na watoto wao. Haya nayo ilipungua, maana njaa na hofu humla mtu haya. Mahali palipokuwa na ami sita wa kumwangalia yatima, akabaki mmoja mwenye watoto wake mwenyewe wasiotosheka. Duol ilibaki bila moto. Ndipo lilipoonekana wazi swali lililokuwa limefichwa na wingi wa jamaa: mtoto atasemewa na nani?

Ili tuone jibu lilitoka wapi, yatupasa tuondoke kando ya ziwa kwa muda mfupi, tuvuke bahari. Kwa maana swali hilo limewasumbua watu wa nchi nyingine pia. Mjini New York, mwaka 1874, mama mmoja aitwaye Etta Wheeler alikuwa na desturi ya kuwatembelea maskini katika nyumba zao. Aliambiwa na jirani habari za msichana wa miaka kama 10, jina lake Mary Ellen, aliyekuwa akipigwa kila siku na mwanamke aliyepewa amlee. Bibi Wheeler alizunguka kutafuta msaada, lakini kila alikokwenda alipata huruma bila tendo. Mwisho alimwendea Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, naye pamoja na wakili Elbridge Gerry walipata amri ya jaji. Mtoto aliletwa mahakamani amefunikwa blanketi, na usoni ana jeraha la mkasi. Mlezi wake alifungwa mwaka mmoja. Mtoto alilelewa na jamaa wa Bibi Wheeler, akakua, akaolewa, akazaa, akaishi mpaka mwaka 1956. Jambo lililomwokoa halikuwa kwamba sheria ilikosekana kabisa; aliokoka kwa sababu mtu mmoja asiye na cheo, asiyelipwa, alikataa kurudi nyumbani kabla ya kusikizwa.

Miaka 100 ikapita. Katika mji wa Seattle, nchini Marekani, jaji wa watoto aitwaye David Soukup aliona taabu rohoni. Kila siku aliamua kama mtoto aondolewe kwa wazazi au arudishwe, na usiku aliamka akijiuliza kama ameamua sawa. Mawakili waliwasemea wazazi, maafisa waliisemea serikali. Lakini hakuna aliyekuwa na kazi moja tu, nayo ni kumjua yule mtoto. Mwaka 1976 alifikiri kuwaomba raia wa kawaida wajitolee: wafundishwe, wapewe mtoto mmoja au wawili, wamtembelee nyumbani na shuleni, kisha waje kumwambia jaji waliyoyaona. Alialika watu wachache kuzungumza nao, wakaja 50. Mwaka 1977 kazi ikaanza, na baadaye ikaenea katika majimbo mengi ya nchi hiyo.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kifungu chake cha 12 kinasema kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa katika kila shauri linalomhusu, ama kwa kinywa chake mwenyewe, ama kwa kinywa cha anayemwakilisha. Kenya ilijifunga kwa mkataba huo mwaka 1990. Hapo ndipo njia ya Seattle na njia ya Homa Bay zilipokaribiana, ingawa watu wa miji hiyo hawakupata kuonana.

Turudi nyumbani sasa. Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Watoto mwaka 2001, ikaanza kutumika mwezi Machi 2002. Maneno yale ya zamani, ulinzi au nidhamu, yaliondolewa. Yakaja maneno mapya, malezi na ulinzi. Iliamriwa kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa ya mtoto yatangulie, na kwamba maoni yake yapimwe kwa kadiri ya umri na akili yake. Mashauri ya watoto yaondolewe katika msongamano wa kesi za watu wazima, na jina la mtoto lisitangazwe. Kifungu cha 77 kiliiruhusu mahakama kuagiza mtoto asiye na wakili apatiwe wakili kwa gharama ya umma. Kifungu cha 79 kilisema kwamba asipokuwa na wakili, mahakama yaweza kumteua mtu mzima awe mlezi wake kwa ajili ya shauri lile tu, alinde maslahi yake mpaka hukumu itoke. Mlezi huyo wa shauri hamlishi mtoto wala hamlazi. Kazi yake ni kutazama, kuuliza na kusema.

Katiba ya mwaka 2010 ilikaza fundo hilo. Kifungu chake cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi, haki ya chakula, makazi, elimu na kulindwa na ukatili, na kinasema kwamba manufaa ya mtoto ni jambo la kwanza katika kila neno linalomhusu.

Lakini sheria ni kama jembe: haliingii shambani lenyewe. Mawakili wengi wako mijini, na yatima wengi wako mashambani. Maafisa wa Watoto ni wachache, na kila mmoja ana eneo kubwa asiloweza kulizunguka. Ndipo kazi ikaangukia watu wa kujitolea. Kwa miaka mingi Idara ya Huduma za Watoto imewatumia wanavijiji waitwao maafisa wa watoto wa kujitolea. Ni walimu waliostaafu, wakunga, wazee wa makanisa, akina mama wa vikundi, watu ambao chifu na majirani wanawaamini. Wao ndio wanaojua kwamba katika nyumba fulani watoto watatu wanaishi peke yao, au kwamba mvulana fulani hayuko darasani kwa kuwa yuko mtumbwini.

Serikali ilipoanza kutoa fedha kwa nyumba zinazolea yatima, kazi ya watu hao ilionekana zaidi. Mpango huo ulianza mwaka 2004 kwa nyumba 500 za majaribio. Mwaka 2007 ulipopanuliwa na kuchunguzwa kwa makini, wilaya za Homa Bay, Migori na Suba zilikuwa miongoni mwa wilaya saba zilizohusika. Kila nyumba ilipata shilingi 1,500 kwa mwezi. Waliopita mlango kwa mlango wakiandika majina walikuwa kamati za wenyeji, na majina hayo yalisomwa barazani ili watu waseme kama ni kweli. Kwa njia hiyo watoto wengi waliokuwa hawajulikani popote walipata kuandikwa mahali fulani. Na mtoto asiyeandikwa ni vigumu kumtetea.

Upande wa mali nao ulipata watetezi. Mwaka 2009 shirika la KELIN, ambalo ni la wanasheria wa Kenya wanaoshughulikia haki za watu wenye virusi vya ukimwi, lilianza kufanya kazi na wazee wa Kiluo katika Homa Bay na Kisumu. Halikuwaambia wazee kwamba desturi yao ni mbaya. Liliwauliza: desturi yenu ya kweli inasema nini juu ya mjane na yatima? Wazee wakajibu kwamba desturi haikumwamuru mtu yeyote kumfukuza mtoto katika ardhi ya baba yake. Basi wakafundishwa katiba na sheria, wakarudi katika mabaraza yao kupatanisha jamaa, na mashauri yaliyowashinda yakapelekwa mahakamani. Wajane na yatima kadha wa kadha walirudi katika mashamba yao, na wengine wakajengewa nyumba. Katika jambo hilo kuna fundisho: moto wa duol uliozimika uliwashwa tena, lakini safari hii palikuwapo mtu wa kuangalia kwamba mtoto hasahauliki.

Ili uelewe kazi yenyewe, nitakupa mfano. Si habari ya mtu fulani. Ni mfano tu wa mambo yanayotukia. Msichana wa miaka 11 anaishi na nyanya yake karibu na Ndhiwa. Ami yake amekwenda kwa Afisa wa Watoto akisema kwamba nyanya amezeeka, hawezi kulea, na mtoto hafiki shuleni. Afadhali apelekwe katika makao ya watoto. Maneno yake yana adabu na yana ushahidi, maana daftari la shule linaonyesha kweli kwamba mtoto hukosa masomo. Hakimu akisikia hayo tu, atafanya nini? Huenda akaagiza mtoto apelekwe makaoni, na wote watarudi nyumbani wakidhani wamemtendea mema.

Lakini hakimu anamteua mama mmoja wa kijiji cha jirani, mwalimu aliyestaafu, awe mlezi wa shauri. Mama huyo anakwenda mara ya kwanza; mtoto hasemi neno. Anakwenda mara ya pili, anamsaidia kuchambua mboga. Mtoto anacheka kidogo. Mara ya tatu wanaketi chini ya mwembe, na mtoto anaeleza. Anakosa shule siku za Jumanne peke yake, kwa sababu ndiyo siku ya soko, na nyanya hawezi kubeba mzigo mwenyewe. Anaye mdogo wake wa kiume anayekaa Rongo kwa mama yao mdogo, na hajamwona tangu mazishi. Na lile shamba la baba? Ami amepanda miwa humo tangu mwaka juzi.

Sasa shauri limegeuka sura. Mama yule hakumwona ami kuwa shetani. Alimwendea pia, akamsikiza, akajua kwamba ana watoto sita, na kwamba alipanda miwa ile kwanza kwa nia ya kusaidia. Lakini miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka, hukatwa na kuchipua tena, na kila ikichipua inakuwa vigumu zaidi kukumbuka shamba ni la nani. Mtoto akiwa mbali, hatakuwapo wa kukumbusha. Mama akagundua tena kwamba mtoto hana cheti cha kuzaliwa, ambacho atakihitaji shuleni atakapoandikishwa mtihani, na kwamba hati ya kifo cha baba haijapata kuchukuliwa, kwa hiyo mirathi haijafunguliwa.

Siku ya shauri mama yule anasimama. Hana joho wala vitabu. Anasema: "Mheshimiwa, nimekwenda mara tatu. Mtoto anapendwa pale alipo. Anaomba abaki kwa nyanya yake na amwone mdogo wake wakati wa likizo. Tatizo lake ni mzigo wa Jumanne, na mzigo huo kikundi cha akina mama kimekubali kuubeba. Naomba vyeti vyake vitafutwe, na jambo la shamba lipelekwe panapohusika." Maneno hayo hayachukui dakika tano. Walakini, maisha ya mtoto mzima yamo ndani yake. Na jambo la shamba likifika katika mahakama ya mirathi, litakutana na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ambayo haitaki mtu mmoja peke yake akabidhiwe mali yenye fungu la mtoto mdogo.

Je, msomaji, umeona tofauti? Afisa hakudanganya, ami hakudanganya sana, na daftari la shule halikudanganya hata kidogo. Ila ukweli wa kila mmoja ulikuwa kipande, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuviunganisha vipande hivyo kwa ajili ya mtoto. Mtetezi wa mtoto haleti mahakamani huruma tu. Huruma wanayo wengi. Yeye huleta habari zilizopatikana kwa miguu.

Wala usidhani kwamba kazi hii haina hatari zake. Mtu wa kujitolea aweza kuwa jamaa wa upande mmoja. Aweza kupenda kusifiwa kuliko kumpenda mtoto. Aweza kutoa siri ya nyumba sokoni. Tena mkono mtupu haulambwi: anayetembea kilomita 20 bila nauli, mwezi baada ya mwezi, atachoka hata akiwa na moyo wa dhahabu. Kwa hiyo watu hawa wanahitaji mafunzo, kiapo cha kutunza siri, msimamizi wa kuwauliza, na nauli. Kujitolea si kisingizio cha serikali kuacha wajibu wake.

Viongozi wa mahakama wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2016 liliundwa jopo maalumu la kuchunguza mambo ya watoto katika vyombo vya sheria vya Kenya, likiongozwa na Jaji Martha Koome, ambaye mwaka 2021 alikuwa Jaji Mkuu. Mwezi Julai 2022 ilianza kutumika Sheria mpya ya Watoto, ikachukua mahali pa ile ya 2001. Sheria hiyo imeyatambua malezi ya jamaa, yaani mtoto kulelewa na watu wa ukoo wake, na kuyaweka pamoja na malezi ya muda katika nyumba ya watu wengine na njia nyingine zinazofaa. Mwaka huo huo serikali ilitoa mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kutoka makao ya watoto kwenda katika jamaa. Tangu mwaka 2017 makao mapya yalikuwa yamekwisha kuzuiwa kuandikishwa. Maana yake ni kwamba taifa limekiri jambo ambalo mababu wa Kavirondo Kusini walilijua: mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani. Limeongeza neno moja ambalo mababu hawakulisema, kwamba nyumbani napo pana haja ya jicho la mtu wa nje.

Lakini angalia: kadiri watoto wanavyorudishwa kwa jamaa, ndivyo watetezi wanavyohitajika zaidi, wala si kupungua. Makao ya watoto yana daftari, meneja na mkaguzi. Nyumba ya ami haina daftari. Mtoto akirudishwa pale, nani atakwenda kumwona baada ya miezi mitatu? Nani atauliza kama analala na wenzake au jikoni peke yake? Nani atamwambia hakimu kwamba uamuzi uliofanywa kwa nia njema umeharibika? Barabara ya kurudi nyumbani ni njema, ila yataka mtu wa kuitembea pamoja na mtoto.

Nimekueleza habari za karne moja na zaidi, toka kibanda cha duol mpaka mahakama za Homa Bay na Migori. Katika habari zote hizo hukumu njema ilitokana na jambo lile lile: mtu mzima asiyetaka kitu kwa mtoto alikwenda kumwona, akamsikiza, akarudi kusema. Desturi bila mtu huyo iligeuka kuwa mlango wa wenye tamaa. Sheria bila mtu huyo ilibaki karatasi. Naye akiwapo, desturi na sheria zote mbili zilipata uhai.

Wewe usomaye haya bado kijana, na huenda husimami mbele ya hakimu kesho. Lakini katika darasa lako yamkini yuko mwenzako ambaye dawati lake huwa tupu kila siku ya soko. Waama, umelitazama dawati hilo mara nyingi. Hujauliza bado. Anzia hapo.